Mshono wa Rungwe

Tumbo la Subilaga lilikuwa likicheza tangu alipoteremka kwenye gari la hospitali, na lilicheza bila kumwomba ruhusa. Alilala chali, mikono pembeni, macho darini, uso umetulia kama wa mtu anayesubiri zamu yake kwa msusi. Lakini chini ya mbavu ngozi ilipanda na kushuka, kitovu kikazunguka kulia, kikasita, kikarudi kushoto, kama paka aliyeingia chini ya blanketi akakosa pa kutokea.

"Jionee mwenyewe, dokta," alisema Mama Ambonisye, mama mkwe wake, aliyekataa kiti na kusimama na mkoba wake mkononi. "Ana mtoto mchanga, na yeye ni kukata viuno. Kanisani anacheza. Juzi msibani alicheza, watu wakasahau kulia."

"Sichezi, mama. Linacheza lenyewe."

"Lenyewe! Tumbo lina akili zake?"

Dokta Gwantwa Mwaipaja aliweka kiganja juu ya tumbo lile na kuhisi misuli ikipita chini ya vidole, mmoja ukimfuata mwingine. Alikuwa mganga mzuri, na alijijua kuwa mzuri, jambo ambalo siku zile wilayani Rungwe hakuna aliyemlaumu kwalo. Alipenda pia kueleza.

"Ni ugonjwa wa nadra, mama, lakini upo. Tumbo linajiendesha bila mwenyewe kutaka. Wengine huwaanza baada ya kupasuliwa, kovu likaudhi neva. Wengine baada ya kuzaa. Wengine ni dawa za kuzuia kutapika, ukizitumia sana zinavuruga ubongo. Kuna ambao kiwambo cha kupumulia ndicho kinachorukaruka, na kuna ambao tatizo liko kwenye uti wa mgongo. Na wengine," alishusha sauti kidogo, "chanzo ni nafsi. Huzuni, woga, mambo ya nyumbani."

"Hayo ya mwisho," alisema Mama Ambonisye, "ndiyo ninayoyasikia mimi."

Ukutani, Tabibu alifungua jicho lake moja la kioo. Ulikuwa mtambo wenye sauti ya bwana mpole ambaye hajawahi kukosa chakula cha mchana. Tabibu alipima kila kitu na kufikiri kuliko daktari yeyote, lakini sheria haikumruhusu kuhukumu. Yale ambayo vipimo havikuweza kuyaona, jicho la binadamu liliyashuhudia, na neno la mwisho lilitamkwa kwa kinywa cha binadamu. Likishatamkwa, lilikwenda lenyewe popote sheria ilipotaka lifike, na halikurudi ila kwa kinywa kilekile.

"Damu ni safi," alisema Tabibu. "Hajatumia dawa za kuzuia kutapika. Ubongo ni mzima. Kiwambo kinapanda na kushuka kama kawaida. Sindano za misuli zinaonyesha mishtuko mirefu isiyo na mpangilio. Uti wa mgongo siuoni vizuri, kwa sababu Mkunga, kile kifaa cha uzazi alichoshonewa mgongoni, amekaa mbele yake na kivuli chake kinaziba. Kwa hiyo yamebaki mawili, uti wa mgongo au nafsi. Nahitaji jicho lako, daktari. Mvuruge mawazo, utazame kama mwendo utakoma."

Gwantwa alimwambia Subilaga ataje nyimbo zote za kwaya yao kuanzia ya mwisho kurudi ya kwanza. Subilaga alitaja, akakosea, akacheka, akaanza upya. Tumbo liliendelea na safari zake kama kawaida. Gwantwa alikuwa anataka kujaribu njia nyingine pale mlango ulipofunguliwa, na sauti nzito ya kiume ikasema, "Huyu mtoto analia, mama yake yuko wapi?"

Alikuwa Mzee Mwandemele, baba mkwe, kabeba mjukuu. Muuguzi mgeni alikuwa amemwelekeza mlango bila kujua anafanya nini.

Mitambo ya angani ilikuwa imewachukua vijana wa Rungwe hadi kwenye machimbo ya mwezini, na Lwitiko, mume wa Subilaga, alikuwa huko. Lakini kuna jambo ambalo hakuna mtambo uliolihamisha: mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Hawatazamani, hawatajani majina, hawapishani njiani. Subilaga aliruka kutoka kitandani kama aliyemwagiwa maji ya moto, akachuchumaa nyuma ya kitanda, akajikunja, kitenge kichwani. Mama Ambonisye akatanua gauni lake kumkinga. Mzee akasema "Nisameheni, nisameheni," huku akirudi kinyumenyume, na aibu imemjaa.

Na Gwantwa? Gwantwa alikuwa binti wa Rungwe kabla ya kuwa daktari. Alifanya alichofundishwa kufanya tangu utoto wake: aligeukia ukuta, akafumba macho, na kwa mkono wake akaliziba jicho la Tabibu.

Mlango ulipofungwa aligeuka. Subilaga alikuwa bado amechuchumaa, na tumbo lake lilikuwa kimya. Kimya kabisa. Kisha aliinuliwa, akalazwa, na paka akaanza tena kuhangaika chini ya blanketi.

"Daktari," aliuliza Tabibu, "mwendo ulikoma mgonjwa aliposhtuka?"

"Ulikoma," alisema Gwantwa.

"Basi chanzo ni nafsi. Unathibitisha?"

Alifikiri kidogo tu. Aliwaza foleni ya nje, na jinsi majibu yalivyokaa sawasawa na swali. "Nathibitisha."

Hakuna aliyepiga kelele. Subilaga alifunga gauni lake taratibu akiuliza apake dawa gani. Ni Mama Ambonisye aliyeijua sheria. Mama mwenye ugonjwa wa nafsi haachiwi mtoto mchanga mpaka Baraza la Watoto likae, na litakaloamuliwa na Baraza halibadiliki mpaka mtoto aachishwe ziwa. Bibi alitoka nje kumchukua mjukuu mikononi mwa mumewe, naye hakutoka kwa ushindi. Alitoka akiwa ameinamisha kichwa. Mtoto alipelekwa nyumba pekee duniani ambayo mama yake hakuweza kuikanyaga, kwa sababu mwenye nyumba ile ni baba mkwe.

*

Siku ya Baraza ilianza na mvua, ile ya Tukuyu isiyojua kuchoka. Gwantwa alikuwa akikatiza uani kuelekea wodi ya wazazi alipomwona Subilaga chini ya paa la vifurushi, pale ambapo vindege visivyo na rubani huchukua dawa na kuzipeleka vijijini. Alikuwa ameshika chupa ya maziwa yake mwenyewe, ameifunga kwa leso. Kila asubuhi alikuja kuituma kwa mtoto. Hata chini ya sweta tumbo lilionekana likizunguka, na wanawake wawili waliokuwa wakisubiri karibu walikuwa wamesogea pembeni.

Alipomwona daktari, Subilaga alifanya kile ambacho kila mwanamke aliyelelewa vizuri hukifanya huko. Aliweka chupa chini, akachuchumaa, akakunja mgongo, akainamisha kichwa.

"Ugonile, dokta."

Sweta likatulia.

Gwantwa alijibu salamu akaendelea na hatua zake. Alikuwa ameshapita kabisa ndipo miguu ilipokataa. Alirudi. Subilaga alikuwa ameshasimama, na tumbo lilikuwa limeanza tena.

"Hebu chuchumaa."

"Dokta?"

"Nisalimie tena. Vilevile."

Subilaga alichuchumaa, na tumbo likatulia. Hapakuwa na mkwe, wala mshtuko, wala woga. Palikuwa na mvua na wanawake wawili wanaotazama. Akasimama, likaanza. Akachuchumaa, likakoma. Gwantwa aliingiza mkono chini ya sweta, akaupeleka mgongoni, chini kidogo ya mbavu. Subilaga alipoinuka, kitu chembamba kiliteleza chini ya kidole cha daktari, kama kamba ya sketi inayotoka mahali pake.

Gwantwa alikifahamu kitu kile, maana alikishona yeye.

Mkunga alikuwa utando mwepesi kuliko karatasi ya chai, unaolazwa juu ya uti wa mgongo wa mjamzito dhaifu. Uchungu ukianza, Mkunga huzisemesha neva za tumbo, nayo misuli ikasukuma bila kuuchosha moyo wa mama. Wakunga waliokoa wanawake wengi mno. Lakini mchoro wa kiwanda ulitaka utando ushonwe kwa kukazwa, na wanawake wa Rungwe walikuwa wakirudi wakilia: wakichuchumaa kusalimia wakwe na wazee, ulichoma kama mwiba. Wengine waliambiwa hawana adabu kwa kusalimia wima. Gwantwa aliwahurumia. Akabuni mshono wa kuulegeza utando, uwe na nafasi ya kujikunja pamoja na mgongo. Wauguzi wakauita mshono wa Rungwe, naye akajifanya hapendi jina hilo.

Kumbe nafasi ile ilikuwa na upande wake wa pili. Mwanamke akichuchumaa utando unakaa mahali pake. Akisimama, unateleza na kuikwaruza neva, nayo neva inalipigia tumbo kelele mchana kutwa.

"Subilaga," alisema. "Siku ile, alipoingia… alipofungua mlango. Ulifanya nini?"

"Si nilichuchumaa, dokta. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

Gwantwa alitoa mkono wake chini ya sweta. Mgeni yeyote kutoka nchi ya mbali angesimama pale akikodoa macho bila adabu, na angeona kwamba ni mgongo uliojikunja uliozima tumbo. Tabibu mwenyewe angeona, kama asingezibwa. Yeye peke yake katika chumba kile alikuwa amelipwa kutazama, naye alifumba macho. Kisha akashuhudia asichokiona, kwa neno moja, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu.

"Wewe si mgonjwa wa nafsi," alisema. "Ni Mkunga wako. Ni mshono wangu. Nimekukosea sana, mwanangu."

Subilaga hakulia. Aliokota chupa yake akaifuta maji ya mvua. "Siku zote nilisema," alisema polepole. "Nilisema linacheza lenyewe. Basi nenda uwaambie, dokta. Baraza ni mchana huu."

*

Laiti ingekuwa kwenda na kusema tu.

Katika kitanda cha dirishani, wodi ya wazazi, alikuwa amelala Atuganile, mwalimu wa hesabu kutoka kijiji cha Masoko, na uchungu ulikuwa umeshamwanza. Moyo wake ulikuwa mbovu tangu utoto. Waganga watatu walikuwa wamemkataza kuzaa, naye akaja kwa Gwantwa, na Gwantwa akamwekea Mkunga kwa mikono yake na kumwambia, "Hutasukuma peke yako." Taa ndogo ya kijani ilimeremeta kiunoni pake. Kila uchungu ulipokuja taa iling'aa, misuli ikafanya kazi, na Atuganile akapumua kama mtu anayepanda kilima kidogo.

Sheria ya Wakunga ilikuwa fupi. Likitamkwa neno kwamba mshono fulani umemdhuru mama, Wakunga wote wa mshono ule huzimwa palepale, mpaka wachunguzwe. Sheria nzuri; Gwantwa mwenyewe aliipigia makofi ilipopitishwa. Atuganile alikuwa na mshono wa Rungwe. Na neno la kwanza halikurudishwa bila kutaja chanzo cha kweli, wala Baraza halikuahirishwa.

Akisubiri mpaka Atuganile ajifungue, Baraza lingekuwa limeshakata shauri, na mtoto wa Subilaga angekua akimjua mama yake kwa chupa. Akisema sasa, Mkunga wa Atuganile angezimika katikati ya kazi, na ingebaki njia ya kisu na ganzi ambayo moyo ule ungeweza kuikataa.

Alijaribu kujidanganya, tusimfiche. Alijiambia kwamba maziwa ya chupa ni maziwa, kwamba mtoto kukaa kwa bibi si kufa, na kwamba mauti ni mauti. Hoja zilikuwa nzuri. Kilichomtibua ni kwamba kila moja ilimwacha yeye na mshono wake bila doa, na kila moja ilimtaka afumbe macho mara ya pili.

Aliwaita wapasuaji, akawaeleza waandae chumba na dawa za moyo. Mtu wa ganzi aliyebobea alikuwa Mbeya, wakamtumia ndege. Kisha akavuta kiti karibu na kitanda cha dirishani na kueleza yote, bila kuremba, kwa sababu mwanamke yule alikuwa na haki ya kujua.

Atuganile alimsikiliza mpaka mwisho. Uchungu ulikuja, taa ikang'aa, ukapita.

"Sasa unataka niseme nini?" aliuliza. "Niseme sawa, dokta, izime tu?"

"Sitaki useme chochote."

"Unataka. Umekaa hapo unanitazama kama mwanafunzi aliyevunja dirisha. Mimi nilikuja kwako kwa sababu ya ahadi moja tu."

"Najua."

"Na huyo mwenzangu, mtoto wake ana muda gani hajamshika?"

Gwantwa alimwambia. Atuganile aligeukia dirisha.

"Siwezi kukuambia usiseme," alisema. "Ningekuwa yeye, ningekuja hapa kuichomoa hii taa mwenyewe. Lakini sikusamehe. Sikiliza vizuri. Nikifa, sikusamehe, na nikipona nitafikiria."

*

Baraza la Watoto lilikaa katika ukumbi wa hospitali, wazee watano na jicho la Tabibu ukutani. Pazia lilikuwa limetundikwa katikati ya ukumbi: upande mmoja Mzee Mwandemele na mkewe na mtoto, upande mwingine Subilaga peke yake. Mwenyekiti, mama mwenye miwani mikubwa, alikuwa ameshaanza kusoma neno la Gwantwa pale Gwantwa mwenyewe alipoingia, viatu vimelowa.

"Naomba kurudisha neno langu."

Minong'ono ilizuka. "Daktari," alisema Tabibu kwa upole wake uleule, "ulishuhudia kwamba mwendo ulikoma mgonjwa aliposhtuka. Je, haukukoma?"

Hapo palikuwa na upenyo. Angeweza kusema vipimo vipya vimepatikana, sayansi imesonga mbele, na watu wangempongeza kwa uangalifu wake. Aliona upenyo ule ulivyo mpana.

"Sikuangalia," alisema.

"Sijaelewa."

"Baba mkwe aliingia. Niligeukia ukuta nikafumba macho, na wewe nikakuziba jicho. Sikuona ulikoma lini wala kwa nini. Nilisema nimeona, na sikuona. Unakoma akikunja mgongo, kwa sababu Mkunga wake anarudi mahali pake. Chanzo si nafsi. Chanzo ni utando, na utando niliushona mimi vibaya, kwake na kwa wengine. Subilaga, simama wima, mwanangu. Waonyeshe."

Subilaga alisimama, na tumbo likacheza mbele ya wazee. Akachuchumaa, likatulia. Akasimama tena, akabaki wima, kidevu juu, likicheza lilivyotaka. Mama mwenye miwani alizivua akazifuta.

"Unathibitisha?" aliuliza Tabibu.

Gwantwa alimwona Atuganile mbele ya macho yake, na taa ya kijani. "Nathibitisha."

"Neno limepokelewa. Wakunga wote wa mshono wa Rungwe wanazimwa."

Ng'ambo ya pazia zikasikika hatua za mzee. Mzee Mwandemele alitokea pembeni ya pazia kinyumenyume, mgongo mbele, mjukuu mikononi, akiukadiria ukumbi kwa visigino. Alimlaza mtoto juu ya benchi, akamfunika vizuri miguu, na bila kugeuka hata mara moja akaondoka alivyokuja. Mama Ambonisye alibaki ameshika pazia, analia bila kujificha.

Subilaga alimnyakua mwanawe akambana tumboni, na tumbo likambembeleza bila kuambiwa. Hakumwangalia Gwantwa, wala hakumshukuru. Hakuwa na cha kushukuru.

Gwantwa alikuwa ameshatoka mbio. Alikimbia uani katika mvua, kwenye ngazi, kwenye ujia, akisikia kengele ya wodi ya wazazi ikilia. Walikuwa wakimsukuma Atuganile kuelekea chumba cha upasuaji. Kiunoni pake hapakuwa na taa yoyote. Midomo ilikuwa imebadilika rangi, na jasho limemlowesha nywele.

"Mtu wa ganzi?"

"Ndege yake ndiyo inatua," alisema muuguzi. "Na mtoto hasubiri."

Gwantwa alishika ukingo wa kitanda akatembea nacho. Alinyoosha mkono, na Atuganile akausukuma pembeni. Walifika mlangoni. Uchungu mwingine ukaja, mkubwa, usio na wa kuusaidia, na Atuganile akapapasa hewani, akaupata mkono uleule alioukataa, akaubana kana kwamba anataka kuuvunja.

Lilikuwa jambo gumu kulitazama, sura ile, na maumivu yale aliyoyaleta yeye. Muuguzi mmoja aligeukia ukuta. Gwantwa hakugeuza uso wala kupepesa macho, akabaki akimtazama Atuganile machoni, pumzi kwa pumzi, milango ikifunguka mbele yao.